Msimu Walipoumaliza Mkono wa Mwanangu

Wiki iliyopita mwenzangu wa kazini alinijia na simu yake, anatabasamu, akaiweka mezani pangu. "Hebu tazama," akasema. "Si huyu aliyekuwa kocha wa mwanao?"

Nikatazama. Alikuwa yeye. Amenenepa kidogo, kavaa kofia mpya, yuko nchi nyingine kabisa, na kijana mwenye kipaza sauti anamhoji. Alikuwa akieleza jinsi alivyolea vipaji alipokuwa Afrika. Alisema hivyo hivyo, alilea. Nikamrudishia yule dada simu yake, nikamwambia asante, nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikaupiga ukuta kwa kiganja mpaka kikaniuma.

Mimi si mtu wa kupiga kuta. Ni mpokezi wa wagonjwa katika kliniki ya meno hapa Braamfontein. Kazi yangu ni kuwapokea kwa sauti ya upole watu wenye maumivu, kuwakalisha, na kuwaambia daktari atawaona sasa hivi. Nilitoka Tanga nikiwa msichana, nikaolewa Johannesburg, nikazaa Johannesburg, nikaachika Johannesburg. Mtoto ninaye mmoja tu, wa kiume. Haya nitakayoyasimulia yamepita miaka kadhaa sasa. Hasira yangu haijapita, na sioni kwa nini ipite.

Besiboli ilimpata mwanangu shuleni. Tulikuwa tunakaa Fordsburg, na shule yake ilikuwa upande wa kusini wa mji, na huko kulikuwa na mwalimu aliyeupenda mchezo huo kuliko somo alilolipwa kulifundisha. Siku moja aliwaona watoto wanarushiana mawe nyuma ya choo. Badala ya kuwachapa, akamwita wangu akampa mpira. Basi. Tangu siku ile kila nilipouliza mtoto yuko wapi niliambiwa yuko uwanjani.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, nitaueleza nilivyouelewa mimi. Katikati ya uwanja pana kichuguu kidogo cha udongo mwekundu. Mtu mmoja anasimama juu yake na kurusha mpira mdogo, mgumu kama jiwe, kwa nguvu zake zote. Mbele yake kuna mwingine na gongo, anajaribu kuupiga. Nyuma ya mwenye gongo amechuchumaa mdakaji, kavaa chuma usoni. Wengine wametawanyika majanini wanangoja. Mchezo mzima uko mikononi mwa yule wa kichuguuni, au niseme katika mkono wake mmoja. Mwanangu ndiye aliyekuwa wa kichuguuni.

Alipotimiza miaka ishirini, matajiri fulani walianzisha ligi ya kulipwa. Timu zilikuwa chache tu, nyingine za hapa mjini, nyingine za miji ya jirani. Wakaleta makocha na wachezaji wachache kutoka ng'ambo, wakachapisha mabango, wakasema besiboli sasa itakuwa kazi kama kazi nyingine. Mwanangu akachukuliwa. Alikuja nyumbani na fulana yenye namba mgongoni, akaivaa akazunguka nayo sebuleni mpaka nikamwambia avue nisije nikaichafua kwa mafuta ya maandazi.

"Mama, nimeajiriwa kurusha mpira," akaniambia, anacheka. "Unaelewa? Kurusha mpira!"

Aliniambia kwa Kiingereza. Mwanangu anasikia Kiswahili chote, hata matusi ya Tanga, lakini tangu alipoanza shule akaacha kukisema. Mimi namwambia njoo ule, yeye anajibu "ngiyeza", yaani naja, kwa Kizulu kama mtoto wa jirani. Nilishazoea.

Msimu ulianza wakati mijakaranda inachanua. Nikawa naenda kila Jumamosi alasiri baada ya kliniki kufungwa. Nitasema kweli, miezi ile ya mwanzo nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata katika mji huu. Majukwaa yalikuwa ya mbao, watu si wengi, moshi wa nyama choma unapita, na mwanangu mrefu kama mnazi amesimama pale juu peke yake. Nilikaa karibu na mzee mmoja mzungu, mstaafu wa reli, aliyekuja kila mara na kiti chake cha kukunja. Ndiye aliyenifundisha kutazama. "Usitazame mpira," aliniambia. "Hutauona. Tazama kiwiko. Kiwiko cha mwanao kikipanda mpaka usawa wa bega, ujue yuko sawa. Kikianza kushuka, amechoka." Nikatazama kiwiko. Kilipanda kila mara. Wapiga gongo wakawa wanapunga hewa na kurudi benchi wameinamisha vichwa.

Timu ikaanza kushinda. Picha ya mwanangu ikachapwa kwenye bango kubwa, mkono umenyooka nyuma, mdomo umekazwa. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ana spaza, yaani kiduka, katika mtaa wa Diepsloot, akaomba mabango akapewa. Akalibandika moja kwenye nondo za dirisha la duka, pale pale anapowapitishia watu mkate na maziwa. Sasa, lazima nieleze maana ya bango lile. Mdogo wangu alishavunjiwa duka mara mbili. Kila watu wanapokasirika kule, kwa umeme au maji au uchaguzi, wa kwanza kulipia ni wenye maduka waliotoka nje. Lakini bango lilipokuwa pale, kina mama waliokuja kununua mkate walisimama wakauliza. "Huyu mtoto ni wenu?" Naye akawajibu, "Ni wetu sote, mama. Kazaliwa hapa hapa Johannesburg." Wakafurahi. Vijana wa kona wakaanza kumwita mjomba wa mrushaji. Aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza anafunga duka bila kutazama nyuma.

Kabla ya mwaka kwisha mrushaji mwingine wa timu, yule aliyeletwa kutoka ng'ambo, alirudi kwao. Wengine walisema mama yake anaumwa, wengine walisema ligi imemchosha. Hakuletwa mwingine. Nilikuwa nimeshaambiwa na mzee wa reli kwamba mrushaji akishatupa mechi nzima anapumzishwa siku kadhaa, maana mwili wa mtu haukuumbwa kwa kazi ile. Mwanangu hakupumzishwa. Alirusha Jumatano, akarusha Jumamosi, Jumapili akaitwa amalizie mechi ya wenzake walioshindwa. Wiki iliyofuata hivyo hivyo. Timu ilikuwa inashinda, na magazeti ya mtaa yakamwita mkono wa chuma.

Mkono wa chuma. Mimi ndiye niliyekuwa namwona asubuhi. Nilimwona anapiga mswaki kwa mkono wa kushoto. Nilimwona anainua birika kwa mikono miwili, na birika lenyewe lina maji ya vikombe viwili. Alikuwa akikaa mezani anavifinya vidole viwili vya mwisho, kidole kidogo na jirani yake, kama mtu anayevisugua vipate joto. Miaka yote hii nimekaa mbele ya watu wanaoingia kliniki shavu limevimba, nawauliza unaumwa sana, nao wananiambia hapana, kidogo tu. Namjua mtu anayeficha maumivu hata akiwa amenipa mgongo.

"Mkono unakuuma," nikamwambia asubuhi moja.

"Niko sawa, Mama."

"Sikukuuliza. Nimekwambia."

Akacheka bila kunitazama. "Kila mrushaji anaumwa. Ndiyo kazi. Wewe huumwi mgongo ukikaa siku nzima?"

"Naumwa. Lakini nikisema mgongo unaniuma, daktari wangu hanichomi sindano akaniambia nikae tena."

Hakujua kwamba najua habari ya sindano. Nilikuwa nimeona alama juu ya kiwiko. Kulikuwa na mtu pale kwenye timu waliyemwita daktari. Alimchoma kabla ya mechi, na mkono ukafa ganzi, na mwanangu akarusha bila kusikia anachokiharibu.

Jumamosi ile niliwahi uwanjani mapema nikamngoja kocha kwenye maegesho ya magari. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti nzuri, na kila mwanamke mweusi alimwita Mama, kama alivyofundishwa alipofika nchi hii. Nikamwambia mwanangu ameumia kiwiko na anahitaji kupumzishwa.

"Mama," akasema, na kuniwekea mkono begani, "kila mama wa mrushaji amenijia na maneno hayo. Kila mmoja. Tunaye mtaalamu, tunampima. Kijana mwenyewe hajalalamika."

"Hajalalamika kwa sababu anaogopa utamtoa."

"Basi hiyo inakuonyesha jinsi anavyotaka kucheza." Akatabasamu. "Kuna watu wanakuja kwenye nusu fainali kutoka ng'ambo, wanatafuta wachezaji. Wanakuja kumwona yeye. Unataka mimi niwaambie mama yake amemkataza?"

"Nataka uwaambie anaumwa."

Akatazama saa yake. "Mkono ule, Mama, kwa msimu huu ni wa timu. Msimu ukiisha nakurudishia."

Alidhani amefanya utani. Alicheka, akangoja nami nicheke. Niliutoa mkono wake begani kwangu nikaondoka, kwa kuwa ningebaki ningemfanyia jambo ambalo lingenirudisha Tanga kwa ndege ya serikali.

Nikampigia mdogo wangu, nikitaka azungumze na mpwa wake kama mwanamume. Nilidhani ataniunga mkono. Nikamsikia anampa mtu chenji.

"Dada, zimebaki mechi mbili tu," akasema. "Acha amalize. Atapumzika baadaye. Wewe hujui huku mtaani ilivyo. Watu wamekodi taksi nzima kuja kumwona nusu fainali. Wale wale vijana, dada, waliovunja duka wakaniibia friji."

"Kwa hiyo mkono wa mwanangu umeugeuza kufuli la duka lako."

"Sijasema hivyo."

"Ndivyo ulivyosema," nikamwambia, nikakata simu. Nililia njia nzima ndani ya basi mpaka nyumbani. Kilio chenyewe kilikuwa cha hasira, maana nilijua hakusema uongo. Alikuwa amepata amani kidogo katika nchi ambayo haikumpa amani, na bei ya amani ile ilikuwa inalipwa na mtoto wangu.

Siku ya nusu fainali jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Majukwaa yalijaa. Wale wa Diepsloot walifika na vuvuzela, mdogo wangu yuko katikati yao, akaniinulia mkono kwa mbali, nami sikumwinulia. Nyuma ya wavu, karibu na mdakaji, walikaa wanaume watatu wenye kofia zinazofanana, na kila aliporusha mwanangu waliinua kidude cha kupimia mwendo wa mpira, wakasomeana. Hawakushangilia wala hawakununa. Nimewaona watu wananunua ng'ombe kwa uso ule.

Alianza vizuri. Baadaye kiwiko kikaanza kushuka. Mzee wa reli akavuta kiti chake mbele. Mwanangu akawa anajifuta jasho kwa mkono wa kushoto, na baada ya kila mpira anauacha wa kulia uning'inie kando kama si wake. Nikatazama benchi. Kocha alikuwa anatafuna kitu.

Alasiri mawingu yakaja kama yanavyokuja hapa, ghafla, meusi. Radi ikapiga, mwamuzi akausimamisha mchezo, watu wote wakakimbilia chini ya paa. Mvua ya mawe ikashuka mpaka uwanja ukawa mweupe. Nilimwona mwanangu amekaa kwenye benchi lao, amejifunika taulo begani, ameukumbatia ule mkono kama mtoto mchanga. Tulikaa hivyo muda mrefu, zaidi ya saa nzima. Baridi ikaingia. Mimi nikamshukuru Mungu kwa mvua ile kwa moyo wangu wote.

"Basi, kwake leo imekwisha," mzee wa reli akaniambia. "Mkono ukishapoa hivyo, mrushaji harudishwi. Hakuna anayemrudisha. Wataweka mwingine."

Mvua ikakatika, wakafagia maji. Timu ikaitwa uwanjani. Nikamwona kocha anainama, anamwambia mwanangu neno moja sikioni, na mwanangu anavua taulo.

Mzee akasimama. "Hapana," akasema. "Hapana, jamani. Hapana."

Sikumbuki kuteremka ngazi. Nakumbuka lango dogo la waya na komeo lake la baridi. Mlinzi alikuwa anakamua koti lake. Nilipita nyuma yake nikaingia majanini. Nilivaa dera refu, nikalishika mbele lisilowe, viatu vikazama kwenye matope kila hatua. Watu walianza kushangilia, wakidhani ni mchezo, ni mwanamke amelewa. Kutoka jukwaani uwanja ule huonekana mdogo. Nilitembea, nikatembea, na mwanangu amenipa mgongo akirusha mipira ya kujaribia, hajui kinachochekesha watu.

Alipogeuka, uso wake ulikuwa kama wa siku ya kwanza niliyomwacha shule ya chekechea.

Mdakaji alikuwa anakuja mbio. Mwamuzi naye. Mwanangu akawatazama, kisha akanisogelea akaniambia kwa Kiswahili, Kiswahili chetu kabisa, ili wale wasielewe: "Mama, toka. Nakuomba. Watu wanatazama."

"Watazame. Nyoosha mkono."

"Mama."

"Nyoosha huo mkono niuone, nitatoka."

Akautazama mkono wake. "Siwezi," akasema taratibu. "Siwezi kuunyoosha tangu wiki iliyopita. Lakini kurusha naweza. Nikivumilia naweza. Wale pale wametoka mbali, Mama. Nusu saa tu. Toka, nakuomba."

Nikamgeukia mwamuzi, na kocha alishafika anahema. Nikawaambia kwa Kiingereza, kwa sauti ile ile ninayowapokelea wagonjwa, kwamba mtoto huyu hawezi kunyoosha mkono, ameniambia mwenyewe sasa hivi.

Kocha hata hakunitazama. Akamwuliza mwanangu mbele yetu sote, "Unaweza kurusha au huwezi?"

Na mwanangu akajibu kwa Kiingereza, kifua mbele, "Naweza."

Nimeyarudia maneno yale mara nyingi kichwani. Dakika ile ile, mdomo ule ule. Mimi peke yangu ndiye niliyesikia lugha zote mbili, na mimi ndiye niliyeonekana mwongo.

"Mama, tafadhali," mwamuzi akasema. Mlinzi akaja, mwanamke mtu mzima, akanishika mkono kwa heshima na kuniambia kwa Kizulu twende, mama yangu, twende. Tulipokuwa tunatoka, jukwaa la upande mmoja likaanza kupiga kelele, na katikati ya kelele zile sauti moja ikasema nirudi kwetu. Nilijua anamaanisha kwetu gani. Nikamjibu kwa tusi ambalo lingemfanya marehemu mama yangu anichape, na sijutii. Wale wa Diepsloot walikuwa wameshusha vuvuzela zao.

Nilisimama nje ya uzio kwenye matope na kuusikiliza mchezo uliobaki, kwani hawakunikubalia kuingia tena. Nilisikia shangwe moja, halafu nyingine, halafu kubwa kuliko zote. Walishinda. Walimbeba mwanangu mabegani. Nilimwona kupitia waya, mkono wa kushoto juu anapunga, wa kulia umelala kifuani.

Alirudi nyumbani akala, akalala. Asubuhi alinikuta jikoni. "Fainali usije," akasema.

"Sitakuja."

"Naongea kweli, Mama. Wameniambia wakikuona langoni hawatakuruhusu. Lakini hata wakikuruhusu, usije."

"Nimekwambia sitakuja."

Na sikwenda. Fainali ilikuwa Jumamosi iliyofuata, asubuhi, nami nikajipangia zamu kliniki. Nilikuwa namwandikia mama mmoja tarehe ya kuja kuziba jino la mtoto wake wakati mdogo wangu alipopiga simu. Sikupokea. Akapiga tena. Nikamwomba yule mama radhi.

"Dada," akasema, na kwa sauti ile nikajua. "Hata mechi haijaanza. Alikuwa anapasha mwili moto kule pembeni. Karusha mpira mmoja tu, wa kawaida, akapiga kelele. Nimeisikia kutoka jukwaani, dada. Kitu kimekatika. Amekaa chini hawezi kusimama."

"Yuko wapi sasa?"

"Niko naye garini. Tunakwenda hospitali."

"Garini kwako? Gari la wagonjwa la uwanjani liko wapi?"

"Wamesema haliwezi kuondoka mpaka mechi iishe. Ndiyo kanuni."

Hivyo ndivyo mkono wa chuma ulivyopelekwa hospitali, kwenye bakkie, pikapu ya kubebea mikate, amekaa mbele na mjomba wake, kreti tupu zinagongana nyuma. Nilivuka taa zote nyekundu za barabarani kwa miguu, nikapanda basi, nikashuka, nikakimbia. Nilipofika alikuwa bado na fulana ya timu. Hakuna mtu yeyote wa timu aliyekuwepo. Mdogo wangu alikuwa ukutani, macho mekundu. Akaniambia, "Dada, nisamehe," nami nikapita nikaenda kwa mtoto. Tulizungumza baadaye, na tukaelewana, na duka alilifunga kila siku mwanangu alipokuwa na miadi ya daktari, akampeleka na kumrudisha. Lakini saa ile sikuwa na msamaha wa kumpa mtu.

Daktari wa hospitali, binti mdogo, aliitazama picha, akanitazama mimi. "Nani alimruhusu kurusha na kiwiko hiki?" akauliza. "Hiki hakijaanza leo."

Nikamnyooshea kidole fulana ya timu mwilini mwa mwanangu.

Waliicheza fainali bila yeye, wakashindwa. Wale wenye kofia walikuwa wamekwisha kuondoka kabla mechi haijaanza. Wiki mbili tatu baadaye nikaenda kwenye ofisi ya timu, nimejipanga vizuri na maneno yangu, nikakuta mlango umefungwa na kibao kimeng'olewa, yamebaki matundu ya skrubu. Ligi ilikuwa imevunjika. Msimu mmoja tu, na huo ndio uliokuwa wote. Simu ya kocha ikawa haipatikani. Hakuna mtu aliyekuja, hakuna aliyepiga, hakuna aliyeuliza kijana anaendeleaje. Nilikuwa na hasira ya kutosha mji mzima na sikuwa na hata mlango wa kuigongea.

Mlango ulikuwa nyumbani kwangu. Mwanangu alifanyiwa upasuaji baada ya kungoja sana, na kwa miezi nilimfunga vifungo vya shati, nikamkatia nyama sahanini. Siku moja nikimfunga vifungo akaniambia, "Wewe ndiye uliyeniharibia."

Mikono yangu ikasimama.

"Tangu ulipoingia uwanjani sikuwa sawa kichwani. Walikuwa wananicheka chumba cha kubadilishia nguo. Nikawa narusha kwa hasira. Ningetulia nisingeumia."

Nilimaliza kifungo cha mwisho. Kisha nikamwambia aondoke mbele yangu kabla sijasema neno la kumlaani mwanangu mwenyewe. Hatukuzungumza kwa muda mrefu, ila njoo ule, lala hivi, meza dawa. Nilimkasirikia, ndiyo. Watu hudhani mama humkasirikia kila mtu isipokuwa mtoto wake aliyeumia. Nilimkasirikia kwa lile "naweza" lake, kwa kumpa yule mtu kitu ambacho mimi nilikibeba tumboni, na kunirudishia mimi lawama.

Sasa anafanya kazi katika ofisi ya mabasi ya mjini, na jioni anasoma. Mkono unafanya karibu kazi zote za kawaida, ila haunyooki mpaka mwisho. Akisimama kando ya wengine unaona umekunjwa kidogo, kama anayetaka kuuliza swali. Kurusha hawezi. Juzi mtoto wa jirani alimtupia chungwa, akalidaka, akamwendea kwa miguu kumrudishia mkononi.

Siku ile ya simu ya mwenzangu nilirudi nyumbani nikiwaza nitamwambia nini mwanangu kuhusu mahojiano yale, au nimfiche. Tulikuwa jikoni, yeye anamenya viazi kwa kushoto, nami naunga dengu. Nikasema tu, "Nimemwona kocha wako leo."

"Nimeshaiona ile video," akasema. "Nimeitazama mara nyingi."

"Na?"

"Eish, Mama. Na nini?" Akaendelea kumenya. Baadaye akauliza bila kuinua kichwa, "Siku ile. Kama ingekuwa leo, ungeingia tena?"

"Ningeingia mapema zaidi. Kabla ya mvua. Kabla ya mwaka mpya."

"Ningekuchukia zaidi."

"Ungenichukia na mkono wako mzima."

Nilingoja aseme kwamba nilikuwa na haki. Nimengoja miaka sasa, na siku ile nilidhani litatoka. Alisuuza viazi, akaviweka kwenye sufuria yangu, akaniuliza kama dengu ina chumvi ya kutosha. Nikamwambia aonje mwenyewe. Akaonja, akaongeza kidogo, nasi tukala, na nilipokuwa naosha vyombo nikagundua kwamba bado nimekaza meno.